Majani Niliyoyabadilisha Njiani

Siku ile ya soko la Bwera ninaikumbuka, mwanangu, maana ndiyo siku niliyomdanganya mama yangu mzazi. Nilikuwa kijana mwenye kichwa kigumu. Mama alikuwa mganga wa mitishamba huko Kyarumba, akanipa kifungu cha majani nimpelekee pale sokoni daktari mmoja mtafiti, aliyekuwa akijaribu dawa za mimea kwenye seli za saratani ya ngozi katika maabara. Njiani nikajiambia: hawa watafiti wataiba dawa yetu, sisi tubaki tunatazama. Nikayatupa, nikachuma mengine yanayofanana nayo, nikampa hayo. Nilirudi nyumbani kifua mbele, najiona mjanja kweli.

Miezi ikapita. Daktari akapanda mlima mpaka kwetu, anahema, akasema zile seli hazikushtuka hata kidogo. Ziliendelea kukua kwenye visahani vyao. Akampa mama majani yaliyobaki. Mama akayanusa.

"Bwambale, hii si majani nilikupa."

Nikainamisha kichwa, nikingoja matusi. Afadhali angenitukana. Alivua kiatu, akainua mguu, na kwenye kisigino palikuwa na doa jeusi, pana kama kifuniko cha soda. Alikuwa ametuficha sote.

"Nilitaka bajue kama inaponesha, ndiyo nianze kujipaka," alisema.

Miezi yote ile doa lilikuwa likikua, na mimi natamba! Nililia, mwanangu, sioni haya kukwambia.

Daktari hakupoteza muda. "Mama, hii haingoji majani. Twende hospitali leo."

Walimkata kipande cha kisigino, akapona. Alipanda na kushuka miteremko ya Kyarumba na mkongojo wake miaka mingi, na kila aliponiona na majani mkononi aliniuliza kama ndiyo yenyewe.

Yale ya kweli nikayapeleka mwenyewe. Safari hii seli nyingi zilikufa. Nikaruka kwa furaha, daktari akacheka: "Kisahani si mutu, Bwambale. Kazi bado iko." Wangali wanaifanya hadi leo, nami nina matumaini.

Basi mwanangu, unachokijua kitoe kama kilivyo, maana hujui ni mguu wa nani unaokisubiri. Na ukiona doa linalokua, hata chini ya wayo, waonyeshe watu wa hospitali kabla hujapaka chochote. Mungu akupe miguu mizima, upande mlima huu mpaka uote mvi kama zangu.