Hadithi za Mchana Namakwekwe

Harufu ya mafuta ya kukaangia chapati hunirudisha mtaani kwetu Namakwekwe, kwenye vyumba vya mama yangu vya kupangisha. Chumba cha mwisho alikaa Mama Akello, aliyetoka Jinja na binti yake mdogo, akimkimbia mumewe, askari jela. Leo watoto wengi wanasoma vitabu vyake vya majitu yanayoishi ndani ya mlima Wanale. Wakati ule alikuwa mpangaji tu. Jioni yote alikuwa barabarani akikaanga chapati, kwa hiyo hadithi alitusimulia mchana, huku akikanda unga, kwa Kiswahili cha kambi za askari, maana Kimasaba, lugha yetu, hakukijua.

Shida ilianzia hapo. Kwetu hadithi ni za jioni. Ukisimulia jua likiwaka, unaita msiba. Mama alimwonya kwa upole, nisimsingizie.

"Mama Akello, si ungoje giza?"

"Giza ni la wateja, mama. Nikikaa na majitu, chapati atakaanga nani? Wewe?"

Tulicheka, hata mama akacheka. Lakini wiki hiyohiyo mdogo wangu Wekesa akashikwa na degedege. Majirani walisimama uani wakitazama mlango wa mwisho. Wekesa alipona, ila hofu ya mama haikupona.

"Ukitaka chumba changu, mchana funga mdomo."

Mama Akello hakuwa na pengine pa kwenda. Kurudi Jinja kulikuwa kurudi kwenye mkanda wa afande. Akanyamaza. Ndipo akaanza kuandika, kwenye karatasi za mifuko ya unga. Sisi tulikaa mlangoni tukingoja; aliinua macho, akatikisa kichwa. Akello, wa miaka mitatu hivi, alimvuta gauni akisema, "Mama, jitu limefika wapi?" Mama yake akamziba mdomo kwa kiganja, akichungulia uani kama mama yangu amesikia.

Juzi mtangazaji wa redio alisema shida ndizo zilizomfanya yule mama kuwa mwandishi. Mama yangu, sasa mzee, akanigeukia.

"Umesikia? Ni mimi huyo. Ningemwacha aseme, angeandika saa ngapi?"

Labda ni kweli. Mimi niliishia darasa la saba, sijui vitabu hutoka wapi, na bila chumba kile pengine visingekuwapo. Wajukuu wa mama nawasomea mchana kweupe, naye husikiliza. Ila Akello hakuwa anataka kitabu. Alitaka kujua jitu limefika wapi, na alipokuja kujibiwa alikuwa mtu mzima.