Mgeni wa Mbeya Niliyemwinua Mlangoni

Naandika haya uso ukiwa bado unaniwaka kwa aibu. Mimi ni mshauri wa afya ya akili katika shirika dogo hapa Iringa, nimehamia juzijuzi kutoka Dar es Salaam. Jumatatu tulikuwa tunamsubiri kiongozi wa kikundi cha Mbeya, tuunganishe nguvu kuwahudumia wagonjwa wa vijijini.

Akaingia mama wa makamo. Aliponiona tu, akachuchumaa na kuinamisha kichwa. Mimi na semina zangu zote, nikajua huyu ameishiwa nguvu. Nikamwinua, nikampeleka mbiombio mpaka chumba cha ushauri.

"Baba, mimi nimekuja..."

"Usiseme kitu, mama. Vuta pumzi kwanza."

Akavuta. Nikampa maji, akanywa. Nikamuuliza kwa sauti ya upole kama usiku anapata usingizi.

"Napata. Na wewe, mwanangu, unalala?"

Tangu nimzike mama yangu, hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikafungua mdomo nimjibu, kikatoka kilio.

Mara mkurugenzi akachungulia, mkataba mkononi. "Kumbe mgeni wetu wa Mbeya yuko huku! Kuna nini?"

"Nilichuchumaa kumsalimia, kama tufanyavyo sisi Wanyakyusa," mama akasema. "Akadhani naanguka."

Nilitamani sakafu inimeze. Mkurugenzi akamnyooshea kalamu. Mama hakuipokea, alikuwa ananifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake.

"Tutasaini, baba," akamwambia. "Ngoja kwanza nimalize na huyu."