Matope ya Bugeshi

Mume wangu alikuwa akiuza vitambaa Bugeshi, kule juu chini ya volkano, na kila aliporudi Gisenyi nusu ya barabara ilikuwa imeganda kwenye kinga yake. Kinga ndiyo baiskeli. Mtaani kwetu hatukuwa na jina lingine. Aliiegemeza ukutani uani, akavua viatu, akaingia ndani kunywa chai na mama yake. Kinga aliniachia mimi, kama mtu anavyoacha sahani chafu.

Kazi hiyo naijua mpaka leo, na bado inanichefua. Matope ya kule yana mchanga mweusi wa makoro, yale mawe yaliyotapikwa na mlima, na mchanga huo unakula chuma kama tupa. Ukiyapangusa makavu unakwaruza rangi. Niliyalowesha, nikayakwangua kwa kijiti chini ya madigadi, nikapitisha kitambaa kwenye kila spoki, nikakausha. Kisha mnyororo: mafuta ya taa ya kutoa uchafu, halafu mafuta ya cherehani, niliyoyapaka kwa unyoya wa kuku. Nikimaliza, mikono inanuka mafuta ya taa na ugali bado sijasonga. Hapo ndipo yeye alipotoka na wageni wake, akapitisha kidole chini ya madigadi, akawaonyesha.

"Muone. Eti amesafisha."

Wakacheka.

Siku moja ya masika nilikuwa nimeipindua kinga, magurudumu juu, nimeushika mnyororo kwa kitambaa. Akatoka amevaa kanzu nyeupe. Rafiki yake alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Bado tu?"

Akaizungusha pedali kwa nguvu, bila kuniambia. Mnyororo ukavuta kitambaa, kitambaa kikavuta kidole changu, kikaingia kwenye meno ya gia. Nililia mpaka majirani wakatoka. Aliporudisha pedali nyuma, kidole kilitoka na ukucha unaning'inia.

Akainama. Nilidhani ananiinamia mimi. Akautazama mnyororo.

"Meno iko mazima," akasema. "Bon. Funga kidole, umalize."

Nilimtupia kile kitambaa kifuani, pamoja na mafuta yake na damu yangu. "Mi sigusi tena hii kinga yako! Leo sigusi, kesho sigusi!"

Akaanza kupiga kelele kwamba nimemwaibisha, kwamba nimeharibu kanzu. Mama yake akatoka jikoni. Tangu niolewe, mama huyo hakuwahi kuwa upande wangu, hata kwa habari ya chumvi ya mchuzi. Akanishika mkono, akakitazama kidole, akachana upindo wa leso yake akakifunga. Ndipo akamgeukia mwanawe, kwa sauti ya chini.

"Kinga ni ya nani?"

"Ni yangu, mama."

"Na mikono, uko nayo?"

Akaitazama mikono yake.

"Basi osha."

Alivua kanzu, akachuchumaa. Akaiosha mbele ya rafiki yake na majirani wote, akijichubua kwenye spoki, akitukana kimoyomoyo huku midomo ikimcheza. Mama mkwe alibaki amesimama mpaka ikakauka.

Tangu siku hiyo aliiosha mwenyewe. Na alijisifu kwa jambo hilo! "Mi siachii mutu kinga yangu," aliwaambia watu pale barazani, kana kwamba ni fikra iliyomjia njiani. Nilimsikia nikiwa jikoni, nikaugonga mwiko kwenye sufuria.

Wenzangu nikiwasimulia huniambia nilishinda. Nilishinda nini? Damu yangu ilimdondokea miguuni, yeye akakagua meno ya chuma. Mama yake akasema maneno mawili matatu, mwanawe akasikia mara moja. Mume wangu ameshazikwa sasa. Akitajwa nami husema Mungu amrehemu, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kusema.