Duara Lililofukiwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha utafiti wa pamba kule Kishapu, Mkuu wa Kituo alinikabidhi keekee ya kutobolea ardhi, kisha akanionyesha shamba la udongo mweusi wa mbuga lililokauka hadi kupasuka.

"Kijana, humo ndani mna maji," alisema. "Kazi yako ni kujua yanakwenda wapi."

Nilidhani ananitania. Lakini udongo usioshiba maji, yaani wenye maji na hewa pamoja katika vitundu vyake, hauyaachii kirahisi. Chembe huyang'ang'ania, nayo husogea polepole, pengine hata kupanda juu kufuata ukavu. Tulipima uzito wa udongo mbichi, tukaukausha kwenye tanuri, tukaupima tena. Kilichopungua ndicho maji. Nilifanya hivyo miaka mingi. Baadaye zikaja kompyuta, vipimo vyetu vikaingizwa kwenye modeli, yaani hesabu za kukadiria maji yatafika wapi na lini.

Modeli ndiyo iliyonipeleka Geita, kwenye mgodi mmoja uliokuwa ukijenga bwawa la maji machafu ya kuchenjulia dhahabu. Niliingiza aina ya udongo, unyevu na kina. Jibu likatoka: bwawa likivuja, maji yatachukua umri mzima wa mtu kufika kwenye kisima cha kijiji, kule bondeni.

Ripoti ilikuwa imebakiza sahihi yangu tu, nami nikichukua sampuli za mwisho kwenye eneo la bwawa, mjane mmoja wa kijiji kile, Mama Kulwa, alipokuja kusimama karibu nami.

"Mwanangu, hapo ulipo palikuwa na duara la mume wangu," alisema. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo. "Lilishuka sana, likageukia bondeni. Alipofariki tukalifukia kwa mawe na matawi."

Modeli yangu ilichukulia kwamba udongo wote ni wa namna moja. Maji yakishajaa na kupata njia ya mawe, hayangoji chembe ziyaachie.

Nilikwenda kwa Meneja wa Mazingira wa mgodi, nikamweleza.

"Mzee, wakubwa wameshaipitisha," alisema. "Niandike kwamba kuna bibi kasema?"

"Tuchimbe tuone."

"Tutachimba baadaye. Weka sahihi."

Nilikuwa nimechoka kubishana na watu waliozaliwa nikiwa kazini. Nikaweka.

Masika ya pili baada ya bwawa kujaa, maji ya kisima yakawa machungu. Mbuzi wa Mama Kulwa walikunywa, wakafa. Kisima kikafungwa, na kina mama wakaanza kuchota kijiji cha pili.

Nilipostaafu nilipanda basi nikashuka Katoro, nikachukua bodaboda hadi kwa Mama Kulwa. Nilimkuta akimenya karanga.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

"Ulinieleza, nami nikanyamaza," nilisema. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Siku ile ulinisadiki?"

"Nilikusadiki."

"Bora ungesema hukunisadiki," alisema, akachukua ungo wake, akaingia ndani.

Vijana wa fani hii hunipigia simu, nami huwaeleza yote niyajuayo: keekee, tanuri, modeli. Huwaambia pia wawaulize wenyeji ni nani aliwahi kuchimba hapo. Wakinialika tukapime Geita, nasingizia magoti.