Fundi Viti Aliyejifunza Jazi kwa Redio Mbovu

Mtu akijifunza piano kwa sikio, watu wanaanza hadithi za kipaji cha kuzaliwa. Acheni hizo. Fundi viti huyu alizaliwa na masikio kama yako. Alichokuwa nacho ni kaseti moja ya jazi, redio kuukuu ya kuichezea, na piano ya mteja aliyeileta karakana ipigwe vanishi, akapotea jumla.

Alikuwa anasikiliza kipande kifupi, anazima redio, anakiimba, halafu anakitafuta kwa kidole kimoja mpaka kipatikane. Mkono wa kushoto ulikuja baadaye sana, tena kwa mbinde. Mkewe akileta chakula anasimama mlangoni.

"Baba Watoto, huo wimbo unaupiga au unautafuta?"

"Nautafuta."

"Ukiupata uufunge kamba. Jana pia ulikuponyoka."

Miaka ikaenda. Akaupata, na wenzake wote wa kwenye kaseti. Ndipo bendi ya hoteli ikabaki bila mpiga piano, naye akaenda kujaribiwa. Nafasi ile aliitaka kufa na kupona. Mgongo ulishakataa kuinamia makochi.

Bendi ikaanza, naye akaingia. Vurugu tupu. Kiongozi, mpuliza saksafoni, akainua mkono.

"Mzee, uko nusu sauti chini. Panda."

"Nipande wapi? Wimbo uko hapa."

"Nani kakwambia?"

"Kaseti."

Kumbe mota ya redio yake ilikuwa imechoka, inazunguka kwa kujivuta, kila wimbo unatoka umeshuka. Kajifunza zote hivyo hivyo, na vidole havijui njia nyingine. Akajaribu kupanda, akarudi kuwa mtu wa kidole kimoja. Akafunga kifuniko cha piano, akainuka.

Mwimbaji, mama mtu mzima ambaye sauti za juu zilishaanza kumgomea, hakuondoka kwenye maikrofoni.

"Kaa, kaka'ngu. Rudia huko huko chini."

Akarudia. Mama akaimba mpaka mwisho bila kukaza shingo.

"Tunabaki huku," akasema. "Na huyu anabaki."

"Dada, nyimbo zote hizi nianze upya kuzipuliza huko chini?" kiongozi akalalamika.

"Una pumzi, una vidole. Anza."

Wateja wa hoteli walikuwa wanakuja kumsikiliza mama yule, si saksafoni, na kiongozi alilijua hilo. Akaguna, akalowesha mdomo wa saksafoni kwa ulimi, akamwomba fundi waende taratibu.