Barua Iliyosomwa Dundori

Kwa miaka kumi na mmoja Jepkemei amekuwa meneja wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha kupakia mboga kule Lanet, na kwa miaka hiyo yote yeye ndiye husimama kaburini kwa niaba ya kampuni. Mfanyakazi akifariki, lori la kiwanda huwabeba wenzake mpaka kwao. Majirani wakishasema, na kanisa likishasema, mwendesha shughuli hutangaza, "Sasa mwajiri." Jepkemei huinuka na karatasi moja yenye nembo ya kampuni, huisoma, kisha huikabidhi familia. Nyumba nyingi huiweka kwenye bahasha moja na vyeti vya watoto.

Zamani kila barua aliiandika upya. Alizunguka kwenye meza za kupakia akiuliza, huyu alipenda nini, aliwachekesha vipi. Lakini Lynn, msaidizi wake, aliacha kazi mwaka jana mwezi wa pili, na mkurugenzi, Bwana Hiram, hakuajiri mwingine.

"Wewe ni chuma, Madam," alimwambia. "Chuma tangu lini kikaomba msaidizi?"

Jepkemei alicheka. Hilo ndilo linalomuuma zaidi sasa, kwamba alicheka.

Akabaki na kazi ya watu wawili. Akaanza kuingia kwa mlango wa nyuma, ule wa kreti, kwa sababu kwenye lango kubwa kila salamu ilifuatwa na "Madam, dakika moja tu." Yeye anayetia sahihi likizo za watu mia tatu, fomu yake mwenyewe ilikuwa imelala kwenye meza ya Hiram tangu Machi. Asubuhi nyingine alijikuta ameketi kitandani ameshika kiatu kimoja, hajui kama alikuwa anakivaa au anakivua.

Njuguna alifariki mwezi wa Agosti. Alikuwa mtu wa chumba cha baridi, miaka kumi na tisa akipanga kreti za karoti na njegere. Asubuhi ya mazishi Jepkemei alifungua kwenye kompyuta barua aliyokuwa amemwandikia Chepngeno, mama wa kupakia aliyefariki Juni. Akabadilisha jina pale juu, akabadilisha tarehe, akaichapa. Hakuitazama tena mpaka aliposimama mbele ya jeneza, huko Dundori, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye mashina ya viazi.

Alisoma vizuri. Sauti yake ni nzuri, watu humsifu kwa hilo. Akafika mstari wa mwisho: "Nasi kama kampuni hatutawasahau watoto wawili wa Chepngeno."

Kisha mzee mmoja wa viti vya nyuma akauliza, wala hakunong'ona sana, "Chepngeno ndiye nani?"

"Wewe pia!" mwenzake akamjibu. "Kumbe Njuguna alikuwa na boma lingine huko chini."

Mtu akacheka, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi.

Wamaitha, mjane, alikuwa mstari wa mbele na leso mapajani. Aliinua uso akamtazama Jepkemei, akangoja. Halikuwa jambo gumu. Samahani, nimesoma jina la mwingine. Jepkemei aliyaona maneno hayo yamejipanga mbele yake, mafupi, tayari, na hakuyasema. Alikunja karatasi, akasema, "Asanteni," akaketi. Barua hakuikabidhi kwa mtu. Chakula kikipakuliwa, yeye alikuwa ameshajificha ndani ya lori.

Jumatatu, Nasimiyu, msimamizi wa meza za kupakia, aliingia ofisini bila kubisha akafunga mlango nyuma yake.

"Madam, umelala kweli tangu siku ile?"

"Kidogo."

"Basi amka. Dundori wanangoja Chepngeno aletwe na watoto wake. Karanja, ndugu ya marehemu, amesema shamba lisiguswe mpaka watoto wote wa Njuguna wajulikane. Mjane wa watu hata kanisani jana hakuonekana."

"Chepngeno amekufa, Nasimiyu."

"Si mimi ndiye nilimvalisha siku ya mazishi? Sisi tunajua. Kule nani anajua? Nimepiga simu nikawaeleza, wakaniambia nimetumwa na kampuni kufunika."

Jepkemei alikwenda kwa Hiram. Alitaka gari la siku moja, na barua ya kuomba radhi yenye nembo ya kampuni. Hiram alikuwa anachovya mandazi kwenye chai.

"Hilo ni kosa la kuandika tu," alisema. "Watasahau. Nikitoa barua ya kukiri makosa, kesho wakili ananiketia hapo ulipo. Na wewe, Madam, siku hizi mbona unateleza hivi? Jikaze."

"Niliomba msaidizi. Niliomba likizo."

"Ukienda likizo, mambo ya watu nitamwachia nani?" Akatabasamu, kana kwamba amemsifu.

Safari hii hakucheka. Lakini hakusema lolote pia, akarudi ofisini kwake, na aibu ile akaihesabu kuwa ya pili.

Akataka angalau aandike upya, kwa mkono wake. Aliandika "Njuguna" kisha kalamu ikasimama. Hakuwa na la kusema juu yake. Miaka kumi na mmoja chini ya paa moja! Akalitoa faili lake kabatini, na ndani yake, nyuma ya picha ndogo ya pasipoti, akakuta barua tatu za wino wa kijani, mwandiko wa mviringo, nadhifu kama wa mwalimu. *Naomba nihamishiwe getini. Baridi inanishika kifua.* Ya kwanza, ya pili, ya tatu, zimepishana kwa miezi minne minne. Kila moja ilikuwa na muhuri wa IMEPOKELEWA na sahihi ya Jepkemei juu yake.

Ya kwanza aliipeleka kwa Hiram, ikarudi na neno moja, "Baadaye." Mbili zilizofuata hakuzipeleka popote. Alijua angejibiwa nini, na alikuwa amechoka kujibiwa. Alizigonga muhuri, akazifungia humo. Kama baridi ile ndiyo iliyommaliza Njuguna, hajui, hakuna daktari aliyesema hivyo. Anachojua ni kwamba mtu alibisha mara tatu na yeye alikuwa ndani.

Jumamosi alipanda Dundori kwa pikipiki, Nasimiyu akiwa nyuma yake.

"Sikuachi uende peke yako," Nasimiyu alimwambia. "Utasoma tena ya mtu mwingine."

Walimkuta Wamaitha kwenye ghala akichagua viazi vya mbegu, na Karanja ameketi kwenye gunia mlangoni.

"Karibu," Karanja akasema. "Umekuja na mke mwenza, ama bado yuko njiani?"

"Mwache aingie," alisema Wamaitha. Hakuacha kuchagua.

Jepkemei alisoma akiwa amesimama, karatasi ya daftari mikononi. Chepngeno alikuwa mfanyakazi mwingine, alizikwa Juni kwao Bomet. Watoto wale wawili ni wake na mumewe. Njuguna hakuwa na boma lingine. Jina lile nililisoma mimi, kwa sababu nilitumia barua ya marehemu mmoja kumzikia mwingine, na nilipojua nimekosea nilinyamaza. Kisha akasoma sehemu ya chini, ambayo Nasimiyu hakuwa ameisikia: kwamba Njuguna aliomba mara tatu kutolewa kwenye baridi, na kwamba barua mbili kati ya hizo zilikwama mikononi mwa anayesoma.

Karanja aliinuka kwenye gunia, akavua kofia, akaivaa tena.

"Hizo barua niliziandika mimi," Wamaitha akasema. "Mwandiko wa Njuguna ulikuwa mbaya, alikuwa anauonea haya. Jioni ananiambia, mimi naandika." Alikiweka kiazi kando, polepole. "Nilikuwa namwambia labda hazifiki. Labda zinapotea kwa askari wa getini."

Jepkemei angeweza kunyamaza tena.

"Zilifika, mama," alisema.

Wamaitha aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa mzigo ambao alikuwa ameshaukisia uzito wake. Hakusema amesamehe, na Jepkemei hakuthubutu kuomba. Kuku aliingia ghalani, Nasimiyu akamfukuza kwa mguu.

"Kesho kanisani," Wamaitha akasema, "utaisoma kama ulivyoisoma hapa. Yote. Karanja atakuwa amekaa mbele."

"Nitasoma."

"Na hii ni ya kampuni, ama ni yako?"

"Ni yangu. Kampuni haijui."

"Basi mbona sahihi umeikwaruza tu hapo chini? Weka jina, lisomeke."

Jepkemei aliiweka karatasi juu ya kreti iliyopinduliwa, akaandika majina yake yote matatu, herufi moja moja. Wamaitha akainama, akayasoma.

"Na cheo?"

"Cheo sijui kama nitakuwa nacho Jumatatu."

"Andika," alisema Wamaitha. "Siku ulipozipokea barua zile ulikuwa nacho."