Kelele za Shakwe, Kelele za Shore

Kwetu pwani mama yangu alikuwa akikaanga samaki wa kuuza. Shakwe wakijazana angani na kupiga kelele, tulijua boti zimerudi na samaki, tukakimbia na ndoo. Aliyefika mwisho aliondoka na vichwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, mama alisema, na mimi mpaka leo sina subira hata ya kungoja chai ipoe.

Nikaolewa Goweko, mbali huko bara. Masika ya pili nilikwenda porini na mama mkwe kutafuta uyoga, binti yangu wa miezi minane mgongoni. Tukasikia shore. Shakwe ana domo tu, kuimba hajui. Shore ni ndege mdogo wa kahawia, na asubuhi huimba mpaka unasahau kazi. Siku ile, hata hivyo, shore wengi walijazana kwenye mti mmoja wakipiga kelele kali, na chini ya mti uyoga ulikuwa umetanda. Nikakimbia na ndoo yangu.

"Simama," mama mkwe alisema nyuma yangu, kwa sauti ya chini.

Nilikwisha kuingia chini ya matawi. Nikainua macho. Nyoka koboko alikuwa amejinyoosha juu ya tawi, kichwa chake kama mkono mmoja kutoka usoni pangu. Shore walikuwa wakimzomea yeye.

Mwili wote ulitaka kugeuka na kukimbia.

"Usigeuke. Ukigeuka unampa mtoto. Rudi kinyumenyume, mwanangu."

Nikarudi hatua moja. Binti yangu aliwachekea ndege, akinipiga mbavu kwa visigino. Nilimwomba Mungu amlaze usingizi. Hatua ya pili. Ya tatu. Nilipogusa kanga ya mama mkwe nilijikojolea, na sioni haya kusema.

"Hukujua?" aliniuliza. Kule hata mtoto anajua kwamba shore wakizomea, kuna nyoka. Hakuna aliyefikiria kumwambia mtu mzima.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu kwetu. Bibi yake wa Goweko amemsimulia habari ile mara nyingi. Shakwe walipoanza kelele, wanawake walikimbia, nami nikashika ndoo. Binti yangu akasimama mbele yangu, akanisukuma magoti kwa mikono miwili, macho yake juu kwa shakwe.

"Usigeuke, mama. Rudi polepole."

Nikarudi kinyumenyume mpaka ukutani. Siku ile tulikula vichwa.